Mikono ya Kanali

Wauza mboga Kayole walikuwa wengi, lakini mwenye mdomo mkali kuliko wote alikuwa Nasike, Mama Wafula, pale Spine Road karibu na steji. Ungemkuta ametandaza saga na mrenda juu ya gunia, anacheka na wateja, ungedhani ni mama mpole. Basi ujaribu kumsema vibaya Kanali Andati. Mboga ulizokwisha kufungiwa zingefunguliwa na kurudishwa kwenye gunia, na ungeondoka hapo umetukanwa wewe na aliyekuzaa. Kuna mwalimu mmoja wa mtaa wa Tena aliyesema, akichagua kunde, kwamba Kanali ni muuaji aliyepeleka vijana wa watu jangwani bila maji. Nasike alimmwagia ndoo nzima ya maji ya kunyunyizia mboga.

"Maji hayo hapo," akamwambia. "Kunywa ushibe."

Sababu ilijulikana mtaa mzima. Mwanawe wa pekee, Wafula, koplo, alikufa kaskazini miaka minne kabla ya uchaguzi huu wa tisini na saba, katika operesheni ya kuwasaka majambazi wa mpakani. Aliyeiongoza ni Kanali Andati. Sasa Kanali amestaafu, anataka ubunge, na watu wa kwanza kuvaa fulana zenye picha yake ni wale waliozika watoto na waume kwa amri yake. Watu wa pembeni walitikisa vichwa, wakasema akina mama hawa wamerogwa. Hawakurogwa. Walikuwa wametoa kitu kikubwa mno, na hawakutaka mtu awaambie kimeenda bure.

Nasike alikuwa na lake zaidi. Mwili wa Wafula uliletwa nyumbani Kimilili ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, na wazee wa ukoo wakakataa kata kata. Kwao hakuzikwi sanduku, huzikwa mtu. Lifunguliwe wamwone, ndipo wachukue majembe. Kapteni aliyeuleta mwili, kijana mwenyewe, jasho lilimtoka hadi kola ikalowa. Akamvuta Nasike nyuma ya jikoni, akamwambia kwamba Wafula alifia mikononi mwa Kanali. Kanali alimpakata, akamfumba macho kwa mkono wake, akamfunika kwa koti lake mwenyewe.

"Mkubwa wangu alimwona kwa niaba yenu, Mama," kapteni akasema. "Usimwone wewe."

Nasike akasimama mbele ya wazee, mwanamke peke yake, akawaambia sanduku lisifunguliwe. Walinung'unika, mmoja akatema mate chini, lakini mama mzazi alikuwa amesema. Wakazika.

Toka siku hiyo alisimulia habari ya koti na mikono kanisani, kwenye chama cha akina mama, kwenye matanga ya watu wengine. Wanawake walilia kila mara. Aliyekuwa halii ni mmoja tu, na Nasike alilala naye nyumba moja, pazia katikati. Huyo ni Vivian, mke wa Wafula, aliyefanya kazi kiwanda cha plastiki.

"Mathe, kanali gani wa kushika koplo?" angesema. "Hao wasee hukaa kwa hema yao wakikula nyama."

"Funga domo lako. Wewe ulimlilia siku mbili, ya tatu ukaenda kusukwa nywele."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na majirani walizoea.

Wiki ya mwisho ya kampeni, Perez, mwenyekiti wa akina mama wa wanajeshi, alikuja mbio na habari kwamba Kanali atakula chakula cha mchana kwa Mama Wafula. Jumamosi yake kutakuwa na mkutano, na Mama Wafula atatoa ushuhuda jukwaani. Nasike alipiga ukelele wa furaha mpaka mwenye nyumba akapanda ngazi kuuliza nani amekufa. Akachinja jogoo. Ugali ukasongwa wa wimbi. Na firigisi akaikaanga peke yake, akaiweka kwenye kisahani cha maua.

Hapo Vivian alijua mambo ni makubwa. Kwao firigisi ni ya mwanamume mkuu wa nyumba, hapewi mtu hivi hivi. Tangu Wafula afe, kila kuku aliyechinjwa hapo firigisi yake ilitupwa. Vivian aliwahi kuinyooshea mkono siku ya Krismasi, akazabwa kofi la vidoleni.

Kanali aliingia akijipinda mlangoni, mtu mnene mwenye kicheko, na watu wake wawili na Perez nyuma yake. Alisalimia vizuri. Alisifu nyumba, ambayo haikuwa na cha kusifiwa. Nasike akamnawisha mikono, na wakati maji yakimwagika aliitazama ile mikono kwa pendo ambalo Vivian hakuwahi kuliona usoni pake. Kisha akapiga magoti, akamletea kisahani.

"Mheshimiwa, hii ilikuwa ya Wafula. Hajaila mwanamume mwingine humu ndani. Kula wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyemshika."

Kanali hakusikia maneno ya mwisho, au aliyasikia akayapita. "Asante sana, mama. Hii hata mke wangu hunificha," akasema, watu wake wakacheka. Akaitia mdomoni yote. "Na kijana alianguka wapi?"

"Si unajua, Mheshimiwa? Kule kisimani. Mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne?" Alitafuna, akafikiri. "Hapana, hiyo mimi sikuwa. Nilikuwa likizo, niko Kitale napanda mahindi. Nilipigiwa simu. Niliumia sana, mama, sana."

Perez akakohoa. Nasike alikuwa bado amepiga magoti.

"Hukumshika?"

"Kumshika nani?" Kanali akauliza, akanyoosha mkono kwenye ugali.

Chakula kikaendelea. Akala paja, akala bawa, akapigwa picha ameshikana mkono na mama wa shujaa. Vivian alisimama kando ya pazia. Miaka minne alikuwa amengoja siku ya kumwambia mavyaa wake, si nilikuambia? Siku ndiyo hiyo, na hakuitaka. Alimchukia mtu huyu aliyekuwa akichokonoa meno nyumbani mwa Wafula, akamchukia na yule kapteni mwenye kola iliyolowa.

Wageni walipoondoka Nasike alikisugua kile kisahani kwa majivu mpaka maua yakaanza kufifia.

"Mama," Vivian akasema. Hakusema Mathe. "Jumamosi tusiende."

"Tutaenda."

"Mama, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia!" Nasike akageuka, macho makavu, ya hasira. "Unadhani mimi kiziwi? Mimi ndiye niliyewakataza wazee wasifungue. Kama huyu hakumshika, basi hakushikwa na mtu. Alikufa mchangani peke yake kama mbwa, na mimi sijui nimezika nini. Unataka nikae na hilo? Wewe utakaa nalo?"

Vivian alichukua kitambaa, akafuta meza.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Akina mama wa wanajeshi walikaa mbele, fulana mpya, vilemba vya rangi moja. Nasike alipoitwa alipanda jukwaani bila kushikwa, akachukua kipaza sauti, akamgeukia Kanali badala ya watu.

"Mwanangu Wafula alipigwa risasi kisimani," akasema. "Kanali huyu alimkimbilia. Alimpakata."

Kicheko kilimwisha Kanali usoni. Akamtazama Perez. Perez akatazama viatu vyake.

"Alimfumba macho kwa mkono huu wa kulia. Akamfunika kwa koti lake." Kisha Nasike akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulisema mahali popote. "Mwanangu aliniita, na Kanali akamwambia, mama yako nitamfikishia. Ni kweli, Mheshimiwa, au ni uongo?"

Wanawake wa mbele walikuwa wameshaanza kulia. Kanali Andati alizitazama fulana zile, mstari baada ya mstari, zote na uso wake kifuani. Akavua kofia. Akainamisha kichwa.

"Ni kweli," akasema.

Vigelegele vikapasuka, watu wakainuka, wimbo ukaanza. Kanali akamwendea Nasike kumpa mkono ili yaishe haraka. Nasike akaweka kipaza sauti chini, akaupokea kwa mikono yake miwili, ile migumu ya kufunga mboga, akasogea hadi sikioni mwake. Vivian, aliyekuwa ameegemea ukingo wa jukwaa miguuni pao, alisikia kila neno.

"Umekubali mbele ya watu. Sasa ulikuwepo. Mahindi yako ya Kitale yamekufa, mwanangu yuko kwako mikononi, na kila utakapokwenda nitakuja nikuulize alisema nini tena. Ukimwangusha, nitakuvua nguo mbele ya hawa hawa."

Kanali alitabasamu kwa ajili ya kamera, akajaribu kuuchomoa mkono wake. Nasike hakuuachilia.