Bi Pasi na Mbwa wa Watu

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile kubwa kulikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko zote, na wala haikutungwa na mganga mkuu. Iliwekwa na mwanamke mwembamba aliyesimama mbele ya meza ya kupigia pasi kwa miaka thelathini na mmoja, hata jina lake likasahaulika, akabaki kuitwa Bi Pasi. Sheria yenyewe ilikuwa hii: mwenye nguo huja mwenyewe. Hapelekewi, wala shoga yake au shemeji yake hamchukulii. Koti la daktari bingwa mmoja lilikaa rafuni miezi minane kwa sababu bingwa alikuwa akituma watu. Bi Pasi alilikung'uta vumbi kila Jumatatu na kulirudisha mahali pake. Siku daktari alipojileta mwenyewe, amenuna, alilikuta limenyooka kama limetoka kwenye pasi jana yake.

Wenzake walimcheka, lakini alikuwa na sababu. Alipokuwa mgeni kazini alimkabidhi mtu sare ya muuguzi mmoja, mtu akatokomea nayo, na yule muuguzi akaja kulia mbele yake. Tangu hapo aliapa kwamba cha mtu atakitunza mpaka mwenyewe aje akidai, hata kama ni baada ya miaka.

Nyuma ya ukuta wa chumba hicho kulikuwa na boila, na kwenye boila kulikuwa na fundi wake, kapera wa makamo waliyemwita Moshi. Yeye na Bi Pasi walikuwa na namna yao ya kuzungumza. Mvuke ukipungua, Bi Pasi aligonga bomba mara mbili kwa mpini wa koleo; Moshi akijibu kwa pigo moja, maana yake mvuke unakuja. Mtu angedhani ni kazi tu. Lakini ziko siku Bi Pasi aligonga na mvuke ukiwa tele, na Moshi akajibu vilevile, wala hakuuliza kulikoni. Waliendelea hivyo miaka kumi na saba. Bi Pasi alikuwa ameolewa zamani kwa muda mfupi, akaachika, na hakupenda kuulizwa. Moshi naye alikuwa mtu wa maneno machache. Ukiwaweka watu wa aina hiyo pande mbili za ukuta, usitegemee harusi.

Mbwa alipatikana ndani ya lundo la foronya chafu, mtoto wa wiki chache, mweupe, hajulikani kaingiaje. Moshi alimchukua akamlea karibu na boila penye joto, na jina likawa hilohilo, Foronya. Alikuwa na miaka miwili Moshi alipostaafu na kurudi kwao, mji wa pwani, mwendo wa siku nzima kwa gari. Siku ya kuaga alikuja mpaka kwenye meza ya pasi, kofia mkononi, mbwa miguuni.

"Kaa naye kwanza," alisema. "Nikishatulia nitakuja kumchukua. Au ukipata likizo mlete, uione na bahari."

Bi Pasi alishika sehemu moja ya maneno hayo: nitakuja kumchukua. Alikuwa mtu wa sheria yake, na mwenye mali alikuwa ametamka kwa kinywa chake kwamba atakuja. Basi akangoja. Alimwogesha mbwa kila Jumamosi, akamchana manyoya, akamfundisha asipande kitandani, kisha akamruhusu apande. Akiulizwa mbwa ni wa nani alijibu kwamba ni wa watu, anamtunza tu. Kila gari la hospitali lililofuata dawa bandarini, katika mji huohuo wa Moshi, lilirudi na salamu: Moshi anauliza, Foronya hajambo? Naye alijibu kwa dereva yuleyule kwamba hajambo, ananenepa. Hakuongeza neno, na usiku alijilaumu kwa kutoliongeza. Wahenga walisema subira yavuta heri, wakasema pia ngojangoja yaumiza matumbo, ila hawakumwambia Bi Pasi yeye ashike ipi.

Mwaka wa nne dereva yule aliacha kazi na salamu zikakatika. Miwili zaidi ikapita. Ndipo ofisi ikamwita Bi Pasi na kumwambia kwamba atastaafu baada ya miezi mitatu, na kwamba ana likizo ambazo hajawahi kuzichukua. Atake asitake, aende siku kumi. Wakamuuliza ataenda wapi. Alishangaa kujisikia akijibu kwamba anakwenda baharini na mbwa.

Chumba kizima cha kufulia kilicheka siku mbili. Mmoja alimuuliza kama mbwa keshashonewa nguo ya kuogelea. Mwingine akashauri wapande meli kabisa, wakamalize fungate. Bi Pasi alicheka nao, lakini alijua anachokifuata. Alikuwa anakwenda kumrudisha mbwa wa watu, akitumaini kwa nguvu zake zote kwamba mwenye mbwa atamwambia, na wewe ubaki hapa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na hakuona tena aibu kulitamani jambo hilo.

Dereva mpya aliwachukua kwenye gari la dawa, Foronya kati yao wawili, akilalamika njia nzima kwamba mbwa anamhemea sikioni. Jioni waliingia nyumba ya wageni iliyokuwa na chumba kimoja tu cha mtu mwenye mbwa, kule uani, karibu na kamba za kuanikia. Shuka zilikuwa zimepigwa pasi na mtu mwenye haraka zake. Bi Pasi alivumilia kwa muda wa kuvua viatu, kisha akazikunja upya zote, na foronya pia.

Asubuhi waliiona bahari. Mbwa alikimbia moja kwa moja akanywa, akapiga chafya tatu, akamtazama Bi Pasi kama vile amemfanyia utani mbaya. Bi Pasi alicheka mpaka akakaa chini mchangani. Alitazama yale maji yasiyo na ukuta upande wa pili, akawaza kwamba angetaka kuwa na mtu wa kumwambia. Alikuwa na mtu huyo mmoja tu. Alijikung'uta mchanga, akapiga moyo konde, akaanza kuuliza njia.

Kila mtu alimjua fundi wa boila. Nyumba ilikuwa ndogo, yenye ukuta uliopakwa chokaa. Foronya alifika kabla yake. Alinusa mlango, akaanza kulia kwa sauti ambayo Bi Pasi hakuwahi kuisikia kwa miaka sita, na Moshi alipotoka mbwa alimrukia kifuani akamwangusha kofia. Mtu mzima yule alipiga magoti barazani kwake, uso ndani ya manyoya. Bi Pasi alisimama pembeni na mfuko wake, akifurahi na kuumia kwa wakati mmoja.

Kisha mwanamke mnene, mchangamfu, alitokea mlangoni akifuta mikono kwa kitenge.

"Huyu ni dada yangu wa kazini," Moshi alimwambia, bado yuko chini. "Ndiye aliyekuwa na mbwa. Na huyu," akasema bila kuinua macho, "ni mke wangu."

"Kumbe ni wifi yangu!" mwanamke alisema, akamkumbatia kwa dhati, akampokea mfuko. "Karibu, wifi. Karibu ndani. Huyu kaka yako akiona mbwa yeyote barabarani lazima amtaje wa kwake."

Bi Pasi aliitikia. Alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Hakukuwa na mtu wa kumchukia humo ndani, na hilo ndilo lililomwia gumu. Mwenyeji alikwenda jikoni kuchemsha chai, wakabaki wawili na mbwa.

"Mmeoana lini?" Bi Pasi aliuliza.

"Mwaka jana." Moshi alikuwa akimkuna mbwa shingoni. "Kwa nini hukumleta?"

"Wewe kwa nini hukuja kumchukua? Ulisema utakuja."

"Nilisema ukipata likizo umlete."

"Ulisema utakuja."

"Nilisema vyote viwili," Moshi alisema. Akaendelea taratibu. "Miaka minne kila gari la dawa likiingia nilikuwa nakwenda kusimama kwenye geti la bandari. Nikadhani umeona nimekuachia mzigo ukashindwa kusema. Mimi mbwa nilimwacha makusudi, ili uwe na sababu ya kuja."

Bi Pasi alitazama mikono yake. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa yamechelewa. Alitaka kumwambia kwamba sheria ile aliitunga kwa ajili ya makoti, kwamba hakujua kama inaweza kula miaka sita ya mtu. Lakini mlango wa jikoni ulifunguka na chai ikaingia.

Walikunywa. Mke wa Moshi aliongea kwa niaba ya wote watatu. Mbwa alikuwa amelala juu ya miguu ya Moshi, na mwanamke alipoona hivyo alisema kwa nia njema kabisa, "Wifi, si umwachie kaka yako? Ona walivyopatana."

Moshi alimtazama Bi Pasi. "Ukikubali," alisema, "niachie."

Basi mwenye mali alikuwa amekuja, kwa miguu yake au kwa ya wengine, na amedai kwa kinywa chake. Miaka thelathini na mmoja Bi Pasi hakuwahi kumnyima mtu aliyedai cha kwake. Alisimama, akamwita mbwa, akamfunga kamba.

"Hapana," alisema. "Huyu ni wangu."

Mke wa Moshi alicheka akadhani ni utani wa mawifi. Moshi hakucheka. Aliwasindikiza hadi njia kuu, akaagana nao.

Siku zilizofuata Bi Pasi alikwenda ufukweni kila asubuhi. Asubuhi ya nne baada ya ile chai mbwa aliinua masikio ghafla, akavuta. Kule juu, mwisho wa mchanga, Moshi alikuwa amesimama peke yake, kofia mkononi, kama siku ile ya kuaga. Hakuja mbele. Alikuwa anangoja aitwe.

Bi Pasi alijua kwamba neno moja tu lingetosha. Alilitaka neno hilo kuliko alivyowahi kutaka chochote. Akamkumbuka mwanamke aliyempokea mfuko na kumwita wifi, akaishika kamba kwa mikono miwili, mbwa akilia na kuchimba mchanga, mpaka yule mtu akavaa kofia yake, akageuka, akaenda zake. Ndipo alipolia, hapohapo mbele za watu, bila kujificha, na Foronya akaja kumlamba mikono.

Likizo ilikuwa imebaki siku tano. Alizimaliza zote.