Soli Iliyopinda

Wenzangu wa Bungoma, leo nimegombana na fundi viatu kwa sababu alitaka kurekebisha kosa lake.

Mnaujua mguu wangu wa kulia. Tangu daktari aunganishe mifupa ya kifundo, maumivu yamekwisha, lakini kifundo hakikunjiki. Natembea kama bata aliyeshiba.

Na Jumamosi namsindikiza binti yangu Nafula hadi madhabahuni. Zile hatua chache naziogopa kuliko bibi harusi mwenyewe!

Basi hapa Kitale nikampa fundi kiatu changu cha kanisani, akitie soli ya tairi la lori.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Tairi bado limepinda, sikupata nafasi ya kulinyoosha. Lete niligonge."

"Ngoja nijaribu kwanza."

Nikapiga hatua. Kiatu kikabingirika chenyewe, kutoka kisigino hadi vidole, kikafanya kazi ambayo kifundo kimekataa.

Nikaenda mlangoni, nikarudi. Sikuyumba.

"Sasa lete."

"Hukipati, bana!"

"Ati uende harusini na soli mbovu? Watu watasema ni kazi yangu!"

"Si ndiyo nataka waseme?"

Nawaandikia nikiwa bado nimekivaa.

Jumamosi mtazameni bibi harusi. Nitakayemwona anatazama miguu ya babake, kuku hali.