Profesa Aliyeuliza Majina ya Mama

Profesa Ndolo alipofika Ukunda kufundisha hisabati katika tawi la chuo kikuu lililo nyuma ya kituo cha mafuta, chaki ziliadimika madukani mpaka Msambweni. Mtu huyo aliandika kwa mikono miwili, wa kulia ukisonga mbele na wa kushoto ukifuta nyuma. Mwanafunzi aliyeinama kuokota kalamu aliinuka akakuta kurasa mbili zimeshampita. Kuna kijana aliyepiga chafya siku ya Jumanne, na mpaka leo hajui mfululizo ni nini.

Lakini si hayo yaliyomkosesha Twaiba raha. Twaiba ni binti wa Msambweni, mwaka wa pili chuoni. Somo hilo la mifululizo, namba zinazofuatana bila kikomo, lilikuwa limeshamwangusha mara moja, kwa mwalimu mwingine, na barua ya chuo ilisema kwa herufi nzito kwamba akianguka tena afungashe virago arudi kwao. Kwa hiyo alikaa safu ya mbele, akimchunguza Profesa kuliko alivyouchunguza ubao. Na siku ya kwanza tu akaona jambo.

Profesa alitoa kidaftari cheusi, akasema kwa Kiswahili chake cha Machakos:

"Kila mtu anipe jina yake, jina ya mama yake, na kijiji penye mama anakaa."

Watoto wa pwani hawahitaji kuelezwa. Jina la baba huulizwa na serikali, huulizwa na shule, huulizwa na polisi. Jina la mama huulizwa na yule anayekaa mkekani na kitabu chake cha falaki, akajumlisha herufi za jina lako na za mama yako, akajua nyota yako, siku utakayougua, na mlango wa kukuingilia. Mwenye akili hampi mtu huyo jina la mama yake kabla hajamjua vizuri. Na Profesa alikuwa na siku nne tu pwani, na kazi yake ilikuwa hesabu. Nani angejumlisha majina kwa wepesi kuliko yeye?

"Na hao mama zenu," akaendelea, "nitaenda kwao mmoja mmoja. Wao ndio watanijibu."

Alieleza mengine, robo saa nzima, lakini hakuna aliyesikia. Watu walikuwa wanatunga mama. Luqman wa Vanga alimtaja mwanamke aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa. Yusra alimtaja mbuzi wa maziwa wa kwao, Bi Kidawa, kwa kuwa mbuzi yule alikuwa na jina la heshima. Zamu ya Twaiba ilipofika, ulimi ulimteleza akataja jina la jirani aliyenuniana na mama yake kwa sababu ya kuku waliochakura mchicha.

"Mbodze Chome. Msambweni, nyuma ya hospitali."

Kama kuna balaa, alijiambia, na liende ng'ambo ya ua.

Samuel peke yake ndiye aliyesema kweli. Wazazi wake walihamia Kinango kutoka bara kulima mahindi, naye akamtaja mama yake, akamtaja na nyanya yake juu.

"Nyinyi mna shida," aliwaambia wenzake walipotoka nje. "Huyo buda anataka tu kujua watu."

"Kujua watu si angeanza na baba zetu?" akasema Luqman. "Wewe ngoja. Ukianza kuota unakimbizwa na ng'ombe, usije kwetu."

"Mimi naota nakimbizwa na ng'ombe tangu nizaliwe. Sisi tunafuga."

Wiki zikaenda, na dalili zikajazana. Mwanafunzi akijibu swali, Profesa hakumwambia amepata wala amekosa. Alifungua kidaftari, akaandika kidogo, akauliza kwa upole: "Mama yako angeelewa hapo?" Abubakar, ambaye hakuwahi kuogopa kitu, aliulizwa hivyo akashikwa na kwikwi siku tatu, kwikwi za kuangusha vyombo rafuni. Jumamosi moja Profesa alionekana Vanga na pikipiki yake akiulizia nyumba ya mwanamke fulani, na saa ile ile akaonekana Kinango akiulizia mwingine. Mjomba wake Yusra, askari wa hoteli huko Diani, aliapa kwamba alimwona ameandika hesabu mchangani, na maji yalipojaa yakazizunguka isilowe hata tarakimu moja.

Twaiba aliyasikia yote. Hakuyaamini yote, lakini hakulitupa hata moja. Alinakili kila alama iliyoandikwa ubaoni, na usiku alipoisoma hakuielewa, akajiuliza kama Profesa anaficha kitu au kama ni kichwa chake ndicho kilichofungwa.

Jumamosi nyingine alipokwenda kwao, akakuta pikipiki imeegemezwa kwenye ua wa makuti wa Mbodze.

Akajibanza nyuma ya ua. Ndani Profesa alikuwa ameketishwa kitini, na Mbodze alikuwa mkekani, anajibu kwa raha zake, kwani hakuna lililompendeza kama kuulizwa habari za nyumba ya pili.

"Kwa hivyo wewe ndiye mama ya Twaiba," akasema Profesa.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

Mbodze akafikiri kidogo. "Basi kama kasema mwenyewe."

"Amekufundisha nini kuhusu mifululizo?"

"Huyo? Mwaka mzima hajanifundisha hata salamu. Akipita hapa hutazama juu kama anayehesabu nazi za watu."

"Kwa hivyo haujui kitu."

"Andika hivyo. Andika kwa wino mwingi."

Twaiba akaiona kalamu inashuka. Hakungoja kuzunguka mlangoni. Aliupita ua pale pale, na makuti mawili akaingia nayo.

"Shikamoo, Profesa. Huyo si mama yangu."

Profesa hakuonekana kukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akilingojea neno hilo.

"Wewe ni wa kumi na tisa kunidanganya," akasema. "Vanga nimepelekwa makaburini. Kwa kina Yusra nimefunguliwa zizi. Darasa ya watu ishirini na nne, na mpaka leo nimepata mama mmoja wa kweli, ule wa Samuel. Nimeanza kujiuliza kama nyinyi wenyewe mko."

"Unawatakia nini mama zetu?"

"Si nilieleza siku ya kwanza? Alama thelathini ni za kumfundisha mama yako mpaka aweze kunieleza mimi. Ukielewa kitu kabisa, unaweza kumwambia yule alikuzaa, hata kama hakuenda shule." Akafunua kidaftari. "Na wewe, vile mazoezi yako iko, bila hizo thelathini haupiti. Huyu mama hapa amepata sifuri."

"Alhamdulillahi," akasema Mbodze.

"Mama yangu yuko ng'ambo ya ua huu," akasema Twaiba.

"Amefundishwa?"

Angeweza kusema uongo wa pili, ulikuwa tayari mdomoni. "Bado."

Profesa akatazama saa. "Nataka kujaza tairi upepo huko barabarani. Nitarudi saa kumi."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

Mishi, mama yake Twaiba, alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka, na kila kitu alikuwa amekisikia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Jina langu hapati."

"Mama, nitafukuzwa."

"Kumjibu nitamjibu. Jina hapati. Haya, nifundishe, saa inakwenda."

Twaiba akafungua daftari, akaanza kusoma alama alizozinakili. Mishi akamsikiliza kama anavyosikilizwa mtu mwenye homa.

"Mwanangu, hayo ni yako na yeye. Nambie kitu kinacholiwa."

Twaiba akafunga daftari. "Una mkate wa kumimina, mzima. Leo unakula nusu. Kesho unakula nusu ya uliobaki. Keshokutwa nusu ya uliobaki tena. Huachi maisha. Ukijumlisha ulivyokula vyote, Profesa anasema ni mkate mmoja kamili."

Mishi akausimamisha ukili. "Muongo."

"Mama."

"Muongo huyo. Kila siku si nimebakisha kipande? Hicho kipande nani kakila? Nilimshuku tangu niliposikia pikipiki yake."

Hapo hasa ndipo Twaiba alipoangukia mwaka uliopita. Mwalimu wa kwanza alimwambia aandike moja, akaandika moja, na kile kipande hakumuuliza mtu. Sasa alikitazama mkononi mwa mama yake, kama kwamba kipo.

"Kikubwa kiasi gani hicho kipande, mama?"

"Kidogo. Kama punje ya ufuta."

Twaiba akahesabu kwa vidole, akakata nusu, akakata tena. "Siku ya ishirini kimeshakuwa kidogo kuliko ufuta."

"Basi chembe ya unga, ile inayopeperuka."

"Siku ya arobaini tumeipita."

Mishi alikuwa mtu wa kushindana. Akataja jicho la sisimizi. Akataja kope ya jicho hilo. Akataja vumbi lililokaa juu ya kope. Kila alichokitaja, Twaiba alimwambia siku ya kukipita, na mwishowe vitu vidogo vya Msambweni nzima vikamwishia.

"Basi hakuna kipande nitakachokitaja kikawa ndicho kilichobaki milele," akasema polepole.

"Hakuna. Ndiyo maana tunasema ni mkate mmoja."

Nywele zilimsimama Twaiba, kwa kuwa maneno hayo alikuwa ameyaelewa palepale alipoyatamka. Kisha akaingiwa na shaka nyingine, kwamba Profesa alijua itakuwa hivyo.

Saa kumi pikipiki ikarudi. Mbodze alifuata nyuma yake na kigoda chake, akaketi bila kukaribishwa. Mishi akaueleza mkate tangu mwanzo, bila kutazama kando.

"Na hiyo kipande inabaki?" akauliza Profesa.

"Kitaje," akasema Mishi. "Kidogo upendavyo. Siku ya kukipita ipo, muulize huyu akuhesabie."

Profesa akataja vitatu, na vyote vikapitwa. Akafungua kidaftari. "Thelathini kwa thelathini. Jina?"

"Andika mama yake Twaiba."

"Chuo inataka jina. Bila jina alama haiingii."

Twaiba akamtazama mama yake. Mishi akazungusha ukili kidoleni, akauliza kwa adabu, "Na mama yako wewe, baba, aitwa nani?"

Kalamu ikasimama. Mtu aliyewauliza watu ishirini na nne hakuwahi kuulizwa yeye. Akamtazama Mbodze, akatazama pikipiki yake, na jasho likamtoka pembeni mwa pua.

"Ya nini, mama?"

"Hata huku kwetu jina latakiwa."

Profesa akageuza kidaftari mara mbili. "Nthenya," akasema.

"Akaa wapi?"

"Masii."

"Twaiba, andika." Na Twaiba akaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Mishi aliungoja wino ukauke, akaichana karatasi, akaikunja, akaifunga pindoni mwa leso. "Haya. Mishi Matano."

Profesa akaandika. Hakuaga kwa maneno mengi.

"Siku aliyozaliwa hukumuuliza," akasema Mbodze, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Mishi tangu kuku wale.

"Nimesahau."

"Ah. Ulikuwa umeshampata, ilibaki hiyo tu."

Jumatatu darasa zima lilipanga foleni kubadilisha mama, na Bi Kidawa akafutwa. Muhula ulipokwisha, Twaiba alilipita somo kwa alama sita tu juu ya kiwango cha kupita. Karatasi ya Nthenya wa Masii haijatoka pindoni. Profesa akipita Msambweni na pikipiki yake huizima mbele ya baraza ile, akateremka, akamwamkia Mishi kama watu wanavyowaamkia masharifu, wala hapandi tena mpaka ameitikiwa.