Sufuria Kati ya Nyayo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu waliofika Ulaya waliijua Brussels kwa miguu. Mimi niliijua kwa dirisha. Nikitoka kazini kule Evere, nilipanda basi, nikarudi kwetu Ganshoren, ghorofa ya tatu, nikakaa kwenye fotei yangu, na baada ya hapo hata Mfalme angenialika ningemwomba aje yeye. Mke wangu alisema nikifa watachimba kaburi pana, maana fotei haitakubali kubaki.

Kwa hiyo Jumapili ile nilikuwa nimekaa, niliposikia mwiko unaanguka jikoni. Nikampazia mke wangu sauti: "Maman, sakafu imeshiba, sasa utupakulie na sisi." Hakujibu. Mwanamke yule hakuwahi kuniachia neno la mwisho, na ukimya wake ndio ulioninyanyua. Nilimkuta chini, mdomo umekwenda upande, jicho moja likinitazama kana kwamba mimi ndiye wa kueleza.

Mshipa wa kichwani, walisema hospitalini. Aliporudi nyumbani, miezi ya baridi inaanza, maneno yalikuwa yamerudi yote, pamoja na yale ambayo ningependa yabaki kule kule. Lakini mkono wa kulia ulining'inia kama wa koti lililoloa, na mguu wa kulia aliukokota. Daktari alituambia, kwa ile adabu yao ya kukuua polepole, kwamba mguu utasaidia kidogo, mkono tusiutegemee.

Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia. "Bon. Na bakwe je?"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na habari ya mkono. Binti yetu mkubwa alikuwa anaposwa, na familia ya kijana, watu wa Uvira waliokaa Liège, wangekuja mwanzo wa majira ya joto. Kwao mke wangu, siku hiyo bugali anausonga mama wa binti, yeye mwenyewe. Si shangazi, si jirani. Bugali ule ndio unaosema: huyu nilimlisha mimi. Akisonga mwingine, wageni watakula kwa heshima, halafu njiani wataulizana kama nyumba ile ina mama. Na dada zake, ambao wangeweza kumtetea, walikuwa Bukavu, na Bukavu miaka ile ya vita haikupatikana hata kwa simu.

"Maman wa chini atatusaidia," nikasema. Alikuwa jirani yetu kutoka Bujumbura, mpishi hasa.

"Sawa. Na binti wa kuolewa, atatoa yeye pia?"

Aliyewahi kusonga anajua: mkono mmoja unasonga, wa pili unashika sufuria, la sivyo sufuria inazunguka nawe kama mnacheza rumba. Mimi, na diploma yangu ya sekondari, nikatengeneza mbao za kuibana sufuria juu ya jiko. Ziliungua. Tulipokuwa tunafungua madirisha, mke wangu akauliza, "Njo ile balikufundisha miaka sita?"

Jioni moja nikarudi kutoka kazini nikamkuta ameketi sakafuni jikoni, mgongo ukutani, sufuria kati ya nyayo zake. Nikaangusha mfuko. Nilidhani ameanguka tena.

"Unapiga kelele ya nini? Niko nasonga."

"Unasonga nini? Sufuria iko tupu."

"Njo maana nilikuwa nakungojea. Uende unitafutie muchanga."

Bibi yake alisonga hivyo, amekaa chini, sufuria ameibana kwa miguu. Sisi wote, mimi, daktari, na bwana wa mazoezi aliyekuja na mpira wake wa kubinya, tulikuwa tunahangaikia mkono. Yeye alikuwa ameshauacha. "Mukono ninaachia Mungu," alimwambia yule bwana, nami nikatafsiri. "Wewe unipatie muguu." Yule bwana akautazama mpira wake, akaurudisha mfukoni.

Basi mimi nisiyetoka nikatoka, na mfuko wa dukani, hadi uwanja wa michezo ya watoto. Nilikuwa nimechuchumaa nachota mchanga, bibi mmoja mwenye mbwa akasimama akaniuliza kama ni wa choo cha paka. Nikasema ndiyo. Akaniuliza paka wangu anaitwa nani. Sijawahi kutamani fotei yangu namna ile.

Mchanga uliolowa una uzito wa bugali. Kila jioni aliusonga kwa mkono wa kushoto, mkono mjinga, ambao hakuwahi kuutuma kitu. Mguu wa kulia uliteleza, sufuria ikapiga kabati, mchanga ukamwagika, mimi nikafagia. Hivyo hivyo baridi nzima. Kuna jioni ulimwagika mpaka akaacha kutukana, akalia tu.

"Maman, acha," nikasema. "Wageni watakula wali."

Akajifuta uso kwa bega. "Donc wewe hauamini."

"Mimi nasema ninachoona."

"Minajua. Wewe ni muntu wa kuona tu, ku dirisha. Mi minaamini. Kunabakia muguu."

Siku ya wageni sebule ilijaa suti. Baba wa kijana, mzee mrefu mwenye kofia, hakuwa ametabasamu tangu aingie. Nilimwacha na ndugu zake nikaenda kufanya kazi yangu pekee: kushusha sufuria ya moto na kuiweka kati ya nyayo za mke wangu, zilizovaa soksi zangu nene, moja juu ya nyingine, na taulo juu yake. Akaanza kusonga. Unga ukaanza kukaza.

Mlango ukafunguka. Yule mzee alikuwa anatafuta choo. Akamkuta mama wa binti katika kitenge cha sherehe, sakafuni, sufuria inafuka kati ya miguu. Akavua kofia. Nadhani alifikiri ni msiba.

Na mguu ukateleza. Sufuria ikainama, bugali ukasogea hadi ukingoni. Niliruka kuidaka.

"Usiguse," akasema mke wangu, taratibu.

Nikabaki nimeinama, mikono hewani. Aliweka mwiko, akaushika mguu wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaurudisha mahali pake kama unavyomrudisha mtoto kitandani. Akabana. Niliona paja linatetemeka chini ya kitenge. Sufuria ikanyanyuka, ikasimama wima. Akachukua mwiko.

Mzee alisahau choo. Alisimama pale mpaka bugali ukaiva, ukageuzwa kwenye sahani, umebonyea upande mmoja.

Mezani alimega wa kwanza. Ndani ya tonge kulikuwa na donge la unga mkavu, sote tuliliona. Akalitafuna.

"Nani alisonga?" akauliza kwa sauti, naye alijua vizuri.

"Mimi," akasema mke wangu.

"Bon. Nilitaka basikie bote." Akasogeza sahani yake. "Munipatie ukoko."

Mgeni hapewi ukoko. Ukoko hugombewa na watoto wa nyumba.

"Papa," mke wangu akasema, "ukoko iko ya batoto."

"Njo maana naomba."

Nilikuwa nimeshasimama kwenda kuukwangua. Mke wangu akanivuta koti. "Kaa. Ile kazi hauijue." Akainuka mwenyewe, akaukokota mguu hadi jikoni, nasi wote tukakaa tukisikiliza kijiko kinakwangua.