Chuma Nilichokinyoosha kwa Nyundo

Kosa ni langu. Nalitaja hapa juu kabisa ili usisome hadi chini ukimtafuta mwingine wa kulaumu. Niliharibu mguu wa mama wa watu, kisha nikanyamaza akalaumiwa yeye.

Jina langu sitalitaja, wala la hospitali. Jua tu kwamba ilikuwa hospitali ya misheni si mbali na Kisumu, mwishomwisho wa miaka ya themanini, na mimi nilikuwa mhudumu wa thieta, chumba cha upasuaji. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, kuvichemsha kwa mashine ya mvuke na kutunza sanduku la vyuma. Nyumbani Otonglo majirani waliniita daktari, nami sikuwasahihisha!

Vyuma ninavyosema ni vile vya kuungia mifupa. Ni kipande kirefu chenye matundu, kinalazwa juu ya mfupa uliovunjika na kukazwa kwa skrubu. Vilikuwa haba sana. Vilikuja kwa msaada, na hakuna aliyejua lini vingine vitakuja. Kwa hiyo mgonjwa akipona na chuma chake kutolewa, hatukukitupa. Nilikisugua, nikakichemsha, kikangoja mfupa mwingine. Ndivyo tulivyofanya kazi, na watu walipona wakaenda zao.

Sheria ilikuwa moja tu: kilichopinda hakitumiki tena. Daktari wetu, mzee mpole aliyependa kueleza mambo, alinionyesha kimoja kilichotoka kwenye paja la mwendesha baiskeli. Alisema chuma kikishapinda kimechoka ndani, na hata ukikinyoosha, macho yako hayatauona uchovu huo. Akakitia kwenye ndoo ya takataka.

Mimi nikakitoa. Moyo ulikataa. Nimelelewa katika nyumba ambayo sufuria ikitoboka inazibwa na jembe likipinda linanyooshwa, na chuma kizuri namna ile nilikuwa sijawahi kukishika. Jumamosi nikapita nacho kwa fundi wa mageti pale barabarani, nikakibana, nikakigonga kwa nyundo polepole hadi kikalala sawa juu ya meza. Fundi akanisifu. Nikakisugua, nikakichemsha na wenzake, nikakipanga kwenye sanduku.

Sikumwambia mtu. Sikuona kosa, ndugu yangu! Niliona nimeokoa mali ya hospitali.

Januari iliyofuata akaletwa mama mmoja kutoka Usenge, nitamwita Mama Atieno. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, mchuuzi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Pikapu ya wanunuzi wa samaki ilirudi nyuma pale ufukweni dereva bila kutazama, ikamvunja paja. Neno lake la kwanza kwa daktari lilikuwa kuuliza atasimama lini, maana omena haimngoji mtu.

Mfupa wa paja unataka chuma kirefu. Daktari, mikono ameshaiosha tayari, akaniuliza, "Kirefu kiko?"

Kilikuwepo kimoja tu. Nilikijua. Nilijua pia kwamba nikisema hakipo, mama atalala wiki nyingi mguu umevutwa kwa mizigo, na mimi nitaulizwa sanduku nimelitunzaje.

"Kiko, Daktari," nikasema, nikampa.

Mama Atieno alitoka hospitali na magongo mawili na amri moja, asikanyage mguu ule hadi aambiwe. Kabla ya wiki sita kwisha akarudishwa, paja limevimba na kupinda. Picha ya eksirei ikaonyesha chuma kimekatika katikati. Kilipotolewa, vipande viwili nilipewa mimi nivioshe. Kilikatika palepale nilipogonga! Niliviangalia chini ya maji ya mfereji, na tangu saa ile kitu ndani yangu kikaingia ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, ila huu haukuamka tena.

Daktari hakujua. Kwake jibu lilikuwa moja.

"Mama, wewe ulikanyaga."

"Sikukanyaga, Daktari. Nyasaye ananiona. Hata choo nilikuwa nabebwa."

"Chuma haiwezi kuvunjika yenyewe."

Mama Atieno akanitazama mimi. Labda ni kwa sababu nilizoea kumletea maji ya kunywa, akadhani nitamtetea. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kitandani, na bakuli la vile vipande mkononi. Nikainamisha kichwa, nikatoka.

Shemeji zake walilipokea neno la daktari mzimamzima. Wakamwambia ana kichwa kigumu, ameharibu kazi ya watu kwa tamaa ya omena. Wodi nzima ikamjua kama yule mama aliyekanyaga. Kidonda kikaingia usaha, akalala kwetu miezi minne. Mguu ulipopona ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu, na goti halikunjiki. Kwa mguu wa hivyo huwezi kuingia majini kufuata boti, wala kubeba beseni lililojaa kichwani. Binti yake mkubwa akaacha shule, akashika beseni.

Na mimi? Nilibaki kazini, nikala, nikalala. Mke wangu alilalamika kwamba sicheki wala sigombi. Baba yangu alipofariki sikutoa chozi, watu wa nyumbani wakasema nina moyo mgumu. Haukuwa ugumu. Nilikuwa sisikii kitu chochote. Baadaye niliacha kazi, nikasingizia mgongo.

Miaka ikapita. Katikati ya miaka ya tisini nilikwenda Usenge kwa mkutano wa kanisa. Ukafika wakati wa ushuhuda, akasimama mwanamke mwenye gongo. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Akasema anamshukuru Mungu kwa kumsamehe ukaidi wake. Daktari alimkataza kukanyaga, naye akakanyaga kwa haraka ya biashara, akaharibu mguu wake na masomo ya binti yake. Watu wakasema amina. Jamani, na mimi nikasema amina!

Ibada ilipokwisha nikamfuata nje. Alinikumbuka, akafurahi, akaniita daktari. Nikamweleza yote tukiwa tumesimama: ndoo, nyundo, sanduku, na jinsi nilivyosema kiko. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, angalau nisikie kitu.

"Baba, wacha kujibebesha," akasema. "Mimi nilikanyaga."

"Mama, uliapa hukukanyaga."

"Nilikuwa naogopa tu. Lakini nakumbuka vizuri. Nilikuwa kwa mlango ya jikoni, nikasikia mvua inanyeshea omena huko nje, nikaweka mguu chini." Akanishika mkono. "Wewe ni mtu mzuri. Ulikuwa unaniletea maji. Nyasaye akubariki."

Mvua! Alivunjika Januari, na hizo wiki zote ufukwe ulikuwa vumbi tupu. Hakukuwa na tone la kunyeshea omena ya mtu. Watu walimwambia mara nyingi sana kwamba alikanyaga, mpaka akajitafutia siku yenyewe, na mlango, na sababu. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akaniangalia kwa huruma kama anayemfariji mgonjwa, akaenda zake akichechemea.

Nimekwenda kwake mara mbili zaidi. Ananipikia chai, ananiombea, na hasikii. Hospitali nayo niliiandikia barua. Daktari yule alishastaafu akarudi kwao, na waliobaki hawamjui mama huyo wala mimi. Ningependa kukuambia kwamba ninalia ninapoandika haya. Silii.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu analaumiwa kwa jambo unalolijua wewe, sema leo, wakati yeye mwenyewe bado anabisha. Usiseme unangoja kupata ujasiri. Mimi niliupata, nikasafiri nao hadi Usenge, na nilipofika nilikuta nimebaki peke yangu ninayejua kwamba yule mama hakukanyaga.