Majibu ya Mama Mpogoaji

Kila anapokata shina la kahawa, yule mama mpogoaji wa Isansa hupitisha kidole gumba kwenye kisiki, akitafuta chipukizi. Tangu alipopasuliwa na kuondolewa saratani ya ini, kidole hichohicho hushuka kupapasa kovu la ubavuni. Jana kliniki, daktari alimwita pembeni shemeji yake, Lusubilo. Huyo karudi akichekacheka: “Umepona kabisa, shemeji!” Kisha, yeye ambaye hajawahi kumpokea hata mzigo wa kuni, akambebea kikapu. Mama akasimama katikati ya barabara.

“Imerudi, siyo? Nimebakiza muda gani?”

Lusubilo akakikumbatia kikapu, akaongeza mwendo.

“Ini langu, kovu langu, halafu majibu apewe mwanamume!” Akamnyang'anya kikapu. “Haya, majibu umepokea wewe, basi na kufa ukafe wewe!”