Karatasi Nyeupe Kutoka Kibosho

Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimeishi kwa kubeba: mpunga Mabogini, mizigo ya abiria Bomang'ombe, saruji popote. Kwa hiyo mtafiti alipotafuta mtu wa kubeba mashine za kupima moshi Kibosho, sikuona kama napanda cheo. Nilikosea. Nilipewa beji.

Mtafiti alikuwa mwanamke asiyechoka kuulizwa, nami sichoki kuuliza, tukaelewana. Alichunguza jinsi moshi wa kuni unavyoivuruga kinga ya mwili. Mwili una askari wake, alinieleza. Wakichokozwa kila siku wanakuwa kama mgambo wa sokoni: wanamrukia kila apitaye, hata vumbi lisilo na kosa. Njia za hewa zinavimba, zinabana, mtu anapata pumu. Kwa kuwa ofisi yetu ilikuwa mjini Moshi, kila nikisema tunapima moshi, watu waliniuliza mji una tatizo gani.

Mashine yenyewe ni ndogo kama redio, inavuta hewa kupitia karatasi nyeupe. Inakaa jikoni siku nzima. Nyumba ambazo karatasi zake zingetoka nyeusi kuliko zote zingejengewa jiko lenye bomba la kutolea moshi nje. Majiko yalikuwa machache, na mimi nilikuwa na mtu wangu: bibi mmoja mwenye pumu, anayeishi peke yake katikati ya migomba. Nilimsikia kabla ya kumwona, kifua chake kikipiga filimbi.

Nilimwachia mashine asubuhi, nikamwambia apike kama kawaida. Kesho yake karatasi ilitoka nyeupe kama hostia ya kanisani.

"Huyu anapikia umeme?" mtafiti akauliza.

"Umeme hana, daktari."

"Basi anakula mbichi. Karatasi safi, namfuta kwenye orodha."

Nilimwomba siku moja zaidi, nikapanda mlima nikiwa na hasira.

"Shikamoo bibi. Mashine ilikaa wapi jana?"

"Marahaba. Sebuleni, mezani. Nikaifunika na kitambaa changu cha kufuma."

"Sebuleni!"

"Kitu cha daktari nikipeleke kwenye masizi? Mimi mtu wa hivyo? Hata moto sikuwasha. Nilikwenda kupika kwa jirani."

"Bibi, masizi ndiyo wanayoyatafuta."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Watu wanasoma miaka yote hiyo, halafu wanatafuta masizi? Si wangeniuliza mimi?"

Safari hii niliitundika mwenyewe jikoni, nikakaa nihakikishe. Aliinjika machalari ya ndizi na nyama, kuni zikiwa na unyevu wa mvua. Nilikuwa nimejipanga kusimamia utafiti mpaka ndizi ziive. Nilidumu mpaka zilipoanza kuchemka. Nilitoka nje natapatapa, machozi yananitoka, beji ikining'inia mgongoni. Yeye alibaki kwenye kigoda chake akigeuza sufuria na kukohoa.

"Wewe kaka," aliniita kutoka ndani, "utafiti umekushinda?"

Asubuhi mtafiti alikuja mwenyewe. Alifungua mashine mbele ya bibi, akaitoa karatasi kwa kikoleo. Ilikuwa nyeusi tii.

"Nimefaulu?" bibi akauliza.

"Umefaulu, bibi. Jiko utajengewa."

Bibi alicheka, akanipiga bega. Mimi pia nilifurahi. Sikuwahi kukaribia mtihani ambao mtu alifaulu vizuri hivyo. Halafu akaomba aishike karatasi. Aliigeuza, akailinganisha na ile nyeupe ya akiba.

"Hii ni ya siku moja tu?"

"Siku moja," mtafiti akajibu.

"Mimi hapa jikoni niliingia nikiwa bibi harusi." Alijigusa kifuani. "Na hii ya humu ndani, daktari, mnaibadilishaje?"

Mtafiti, ambaye hakuwahi kushindwa swali langu hata moja, aliinama akaanza kufunga mashine.

"Haibadilishwi, bibi. Tunaweza tu kuzuia isizidi."

Bibi aliirudisha karatasi, akaingia jikoni. Alitoka na kigoda, kisha mafiga, moja baada ya jingine, akayapanga uani chini ya mgomba.

"Fundi atakuja lini?"

"Baada ya wiki mbili."

"Na mvua?"

"Mvua itakunyeshea, bibi," nikasema.

"Ininyeshee," akasema, akanituma kuni.